Kuishi na OCD siku hadi siku: hatua kwa hatua, kwa sisi wa huku Nyanda za Juu Kusini

OCD ni ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania kichwani na vitendo unavyorudia rudia ili kutuliza woga wake. Naandika hii kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe ambae kila asubuhi unachelewa kazini kwasababu umerudi kukagua kufuli mpaka mwenye nyumba ameanza kuuliza kuna nini, au mikono imechanika kwa kunawa na bado unaona uchafu haujatoka, au kuna wazo baya sana linakujia ukiwa ibadani na unaogopa hata kumwambia mwenzi wako. Wa pili ni yule anaeishi na huyo mtu, mama, mume, dada, ambae ameshachoka kujibu swali lilelile usiku kucha. Mimi naishi nayo hapa Mbeya, ilinianza nikiwa sekondari, na haya nayafanya mwenyewe, mengine nimefundishwa kliniki, mengine nimeyaona kwa wenzangu.

Kitu kimoja niseme mapema ili usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta kisichokuwepo. Hakuna hatua humu ya kuyafanya mawazo yasije. Tunachofanyia kazi ni kile UNACHOFANYA wazo likishakuja. Ukishika hicho mengine yote yataeleweka.

HATUA YA 1: Jua ni nini na sio nini

Watu wengi wakisikia OCD wanajua ni mtu msafi sana, anaepanga viatu kwa mstari. Sio hivo. Mtu msafi anafurahia usafi wake, akimaliza kudeki anakaa anakunywa chai yake. Mwenye OCD anadeki huku analia, anajua kabisa pameshatakata, na hawezi kuacha. Na kuna wenye OCD ambao vyumba vyao ni vurugu tupu kwasababu ugonjwa wao hauhusiani kabisa na usafi.

Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni wazo, au picha, au hisia inayoingia kichwani bila kuitwa na ikakataa kutoka, hapa nitaliita wazo king'ang'anizi. Ya pili ni kile unachofanya ili woga upungue: kunawa, kukagua, kuhesabu, kurudia sala, kuuliza watu, kupitia kumbukumbu kichwani mwanzo mpaka mwisho kuona kama ulikosea mahali. Hivi nitaviita marudio. Madaktari wanahesabu kuwa ni ugonjwa pale mambo haya yanapokula zaidi ya saa 1 kwa siku au yanapokuharibia kazi, masomo, ndoa.

Alafu sikia hii vizuri maana ndo inayowatesa watu kimya kimya. Mawazo yenyewe yanamjia karibu kila mtu. Mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wa kawaida wasio na ugonjwa wowote, karibu 8 kati ya 10 wakakubali kwamba nao huwa wanapata mawazo ya ajabu ya namna hiyohiyo: kumsukuma mtu barabarani, kumdhuru mtoto, kutukana mahali patakatifu, mambo ya ngono yasiyosemeka. Wao linapita, wanasema "ah, wazo gani hili" wanaendelea kumenya viazi. Wewe linakwama kwasababu umelipa uzito, umesema kama nimeliwaza basi mimi ni mtu wa namna hiyo. Hapana. Mara nyingi wazo linang'ang'ania palepale unapopapenda zaidi, mama anaempenda mwanae ndo linamjia la kumdhuru mwanae, mcha Mungu ndo linamjia la kufuru. Linakutisha kwasababu liko kinyume na wewe.

Kwahiyo sio mapepo, sio kurogwa na wala hujalaaniwa na wazee. Ni ugonjwa, unakadiriwa kumpata kama mtu 1 mpaka 3 katika kila 100 wakati fulani wa maisha, duniani kote, matajiri na maskini, na mara nyingi unaanza utotoni, ujanani au miaka ya mwanzo ya 20. Ila kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, zinakuamuru ufanye kitu, au unaona kweli unataka kudhuru mtu, hilo ni jambo jingine, usikae na mwongozo, nenda hospitali leo.

Sasa kwanini hauishi wenyewe? Kwasababu marudio yanafanya kazi, kwa muda mfupi. Ni kama ile mikopo ya kausha damu: leo umepata hela umepumua, wiki ijayo riba, unakopa pengine kulipa hii, na deni linanenepa. Ukikagua kufuli mara moja woga unashuka, ubongo unajifunza kwamba "ahaa, tumepona kwasababu tumekagua", kesho unadai ukaguzi wa pili, kesho kutwa wa tano. Kutoka humo ni kuacha kukopa, na siku za mwanzo zinauma, sitakudanganya.

HATUA YA 2: Wiki moja ya daftari

Nunua daftari dogo tu. Kwa wiki moja usijaribu kubadilisha chochote, andika: saa ngapi, wazo gani, ulifanya nini, woga ulikuwa ngapi kati ya 0 na 10, ilichukua dakika ngapi. Mstari mmoja unatosha. "Saa 12 asubuhi, jiko la gesi, nimekagua, 7, dakika 20."

Andika hata yale ya kichwani yasiyoonekana, maana kuna wengine marudio yao yote yako kichwani, wanasali kimya, wanahesabu, wanabishana na wazo, na nyumbani wanaonekana tu wamenyamaza. Wazo ambalo unaona aibu kuliandika andika herufi moja tu utakayoielewa wewe.

Angalizo: daftari lenyewe lisigeuke marudio. Ukikuta unafuta na kuandika upya ili mwandiko ukae sawa, andika kwa makusudi vibaya, kata kata, acha hivohivo. Hapo tayari umeshaanza dawa.

HATUA YA 3: Panga ngazi

Baada ya wiki chukua ukurasa mpya, orodhesha vitu unavyoviogopa au kuvikwepa, kuanzia kinachokupa woga wa 3 chini mpaka wa 10 juu. Usiandike "kuacha kuogopa uchafu", hiyo haifanyiki, andika kitendo ambacho mtu akisimama pembeni atakiona. Mfano wa mwenye woga wa vijidudu anaekaa huku kwetu:

Kushika noti ya elfu moja alafu kuendelea kushika simu bila kunawa (3). Kushika kile chuma cha juu ndani ya daladala ya Mbalizi, kufika nyumbani na kuvaa nguo zilezile mpaka jioni (4). Kununua mchicha Mwanjelwa, kuuosha mara moja kama wengine wanavyouosha, kuupika (5). Kwenda msibani, kushikana mikono na wafiwa, kunawa mara moja tu kwenye maji yanayopitishwa na kula na wenzako (7). Kutumia choo cha stendi, kunawa mara moja, kupanda basi (9).

Mwenye woga wa kufunga milango ngazi yake itakuwa tofauti, na mwenye mawazo ya kudhuru itakuwa tofauti kabisa, nitaifikia.

HATUA YA 4: Panda ngazi, na hapa tukae kidogo

Hii ndo tiba yenyewe. Kitaalamu ni kujiweka mbele ya kile unachokiogopa na kujizuia kufanya marudio. Mtaalamu mmoja wa London, Victor Meyer, alitoa taarifa mwaka 1966 ya wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia hii, wakati ambapo tiba nyingine za maongezi zilikuwa haziwasaidii watu wa aina hii, na mpaka leo ndo tiba ya maongezi yenye ushahidi mkubwa kuliko zote kwa OCD. Ukipata mtu aliyesomea akakusimamia ni vizuri zaidi. Ila wengi wetu mtaalamu huyo yuko mbali, kwahiyo ngazi za chini unaweza kuanza mwenyewe na ndugu mmoja unaemuamini.

Inaenda hivi. Chagua kitu cha 3 au 4, sio cha 9, usijipime ubabe. Kifanye. Alafu USIFANYE marudio. Woga utapanda, moyo utadunda, kichwa kitapiga kelele kwamba safari hii ni kweli. Kaa nao. Kwa wengi huwa unapanda, unafika juu, na unaanza kushuka wenyewe, wakati mwingine dakika 20, wakati mwingine saa nzima, siku nyingine haushuki sana lakini unagundua umeweza kumenya viazi nao ukiwa humo humo ndani, na hilo nalo ni ushindi maana ubongo umejifunza kwamba unaweza kubeba. Rudia kitu kilekile kesho na kesho kutwa mpaka kikuchoshe, ndo upande juu.

Ukishindwa kuzuia kabisa, chelewesha. Sema nitanawa lakini baada ya dakika 5. Kesho 10. Keshokutwa 20. Mara nyingi dakika zikifika hamu imeshalegea. Na ukishindwa hata kuchelewesha, ukanawa, basi shika tena kilekile ulichokuwa unakiogopa baada ya kunawa, ili marudio yasikupe ile nafuu yaliyokuahidi.

Wazo linapokuja usibishane nalo. Hapa wengi wanakwama, wanadhani kujibu wazo kwa hoja ni kupambana, kumbe hoja ni marudio ya kichwani. Jibu langu mimi ni moja tu: "Inawezekana ikawa, inawezekana isiwe, mimi naenda kazini." Hupendi kusikia hivo, najua, unataka uhakika wa asilimia 100. Lakini asilimia 100 hana mtu yeyote, dereva wa Coaster hana, daktari hana, na wanaamka wanaenda kazini.

Sasa niende kwenye mambo ya siku.

Maji na mikono. Sekunde 20 na sabuni, baada ya choo, kabla ya kula na kupika, baada ya kushika nyama mbichi au kumsafisha mtoto. Basi. Hiyo ndo kanuni ya wataalamu wa afya, na hata kipindi cha kipindupindu wakitoa tangazo fuata walichosema, mara moja, usiongeze chako juu. Usinawe kwa Jik, wala usichanganye Jik na ile dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya klorini, unaweza kuumia mapafu chooni kwako mwenyewe. Na mwezi wa 6 na wa 7 baridi letu unalijua, mikono ikilowa kila nusu saa inapasuka mpaka damu, alafu ule mpasuko ndo unaingiza vijidudu kweli. Paka mafuta ya mgando usiku, na kupaka pia mara moja.

Mlango na kufuli. Funga, vuta mara moja, ondoka. Usipige picha ya kufuli kwa simu. Najua watu wanashauriana hii ya picha na inaonekana ya akili sana, ila baada ya wiki mbili utakuwa unaikagua picha kama ni ya leo au ya jana, kama kivuli kiko sawa. Usimtumie jirani ujumbe akakuangalizie. Ukiwa umeshakaa kwenye bajaji na tumbo linakuvuta urudi, kaa tu, andika woga ni ngapi, ukifika Kabwe andika tena.

Moto. Hapa nitenganishe hatari ya kweli na OCD maana huku vinachanganyika. Jiko la mkaa kulala nalo ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya joto ni hatari ya kweli kabisa, ile hewa ya sumu ya mkaa (kaboni monoksidi) haina harufu na inaua watu usingizini, iwe Njombe, Makete au hapa. Kwahiyo kanuni: jiko linatoka nje kabla ya kulala, kila siku, kwa kila mtu wa nyumba hiyo, una OCD huna OCD. Mtungi wa gesi unafungwa kwenye koki. Pasi inachomolewa. Ukishafanya, imekwisha, hakuna kuamka saa 8 usiku kwenda kulinusa. Kipimo changu ni rahisi: mama wa nyumba ya jirani, mwenye akili zake timamu, angefanya mara ngapi? Fanya hizohizo.

Barabara. Kuna vijana wa bodaboda wana hii na hawajui ni nini: amepita kwenye tuta, amesikia mtikisiko, wazo linakuja kwamba amegonga mtu, anageuza, anakagua, hakuna kitu, anaenda, anageuza tena, abiria anashuka kwa hasira. Kijana wangu, anza na safari fupi ya njia unayoijua, ukipita tuta usigeuze na usiangalie kioo zaidi ya kawaida ya kuendesha, na usitafute habari za ajali mtandaoni jioni. Kutafuta habari ni kugeuza pikipiki kwa njia nyingine.

Mama aliyejifungua. Hili naliomba lisomwe taratibu. Wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua OCD inaweza kuanza au kuzidi. Mama anamuogesha mtoto wazo linakuja la kumzamisha, anakata nyanya wazo linakuja la kisu. Anaficha visu, anakataa kubaki peke yake na mtoto, familia inasema hampendi mwanae. Anampenda mpaka anaumwa. Kumkwepa mtoto kunalisha ugonjwa, kwahiyo ngazi yake inaanza na kukaa na mtoto chumbani mama mkwe akiwa sebuleni, baadae kumuogesha mtu akiwa jirani, baadae peke yake. Ampeleke mtoto kliniki kama kawaida na hapo hapo amwambie nesi: napata mawazo nisiyoyataka. Lakini kama mama haogopi mawazo hayo, anayaona ni sahihi, anasikia sauti, halali kabisa siku kadhaa na anaongea visivyoeleweka, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake na mtoto.

Ibada. Mkoa wetu ni wa watu wa dini, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste, Waislamu, na ugonjwa unaingia humohumo. Mtu anarudia Baba Yetu tangu mwanzo kwasababu katikati kuna neno alilitamka bila moyo. Mwingine anaamini amemkufuru Roho Mtakatifu. Sio jambo jipya, Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, mwaka 1522 akiwa Manresa aliteseka kwa kurudia rudia kuungama dhambi alizokwisha kuungama, mpaka akafikiria kujiua. Kwa Waislamu wanaorudia udhu, mnajua kiungo hakizidi mara tatu, na ipo kanuni ya wanazuoni kwamba yakini haiondolewi na shaka: umeshatia udhu, umepata shaka, una udhu. Nenda kwa mchungaji, padri au sheikh wako MARA MOJA, mweleze una ugonjwa huu, muombe akupe kanuni moja fupi (sala inasaliwa mara moja, hata ikikatika haianzwi upya), alafu usirudi kumuuliza tena kama ulielewa vizuri. Kurudi kuuliza ndo ugonjwa wenyewe umevaa kanzu.

Shuleni nitasema kidogo. Mwanafunzi anaefuta na kuandika upya mpaka karatasi inatoboka, mwalimu asimpige fimbo na asimpe muda usio na mwisho pia. Peni badala ya penseli, hakuna kurudi ukurasa uliopita, na mzazi aongee na mwalimu wa malezi.

HATUA YA 5: Watu wa nyumbani

Ndugu wa mgonjwa anasaidia kwa upendo na upendo huo unalisha ugonjwa bila mtu kujua. Unamkagulia mlango, unaosha nguo mara mbili kwasababu amekuomba, unamjibu "hapana hujamgonga mtu" kwa mara ya kumi. Usikate ghafla siku moja bila kumwambia, huo utakuwa ukatili. Kaeni siku ambayo ametulia, mkubaliane kipi mnaanza kuacha, na maneno yapi mtatumia. Mfano:

"Mama, una uhakika nimezima gesi?"
"Mwanangu, nakuona unavyoogopa. Tulikubaliana swali hili silijibu. Njoo tukakae nje tuote jua."

Kwa mkubwa wako pia inawezekana kwa heshima: "Shikamoo baba. Lile swali naomba nisilijibu leo kama daktari alivyotuelekeza, ila niko hapa na wewe." Usimwambie "acha tu", angekuwa anaweza angeacha. Usimcheke mbele ya wageni, usimsimulie kwa mashangazi. Akimaliza ngazi moja msifie kama ungemsifia mtu aliyetoka kuumwa akatembea.

Na heshima za kusalimiana. Huku kumkatalia mtu mzima mkono ni jambo kubwa, na mwenye woga wa uchafu anaishia kukwepa harusi, msiba, mpaka kikao cha ukoo. Badala ya kumtungia visingizio kwamba anaumwa mafua, mfanye salamu iwe ngazi: wiki hii mkono wa bibi peke yake, wiki ijayo na wajomba.

HATUA YA 6: Hospitali na dawa

Nenda ukiona ngazi za chini zimekushinda, au saa zinazidi, au umekata tamaa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uliza kliniki ya afya ya akili, watakupa rufaa. Kwa huku kubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Iringa kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ikihitajika zaidi kuna hospitali ya afya ya akili ya Mirembe Dodoma na Muhimbili Dar. Usiogope jina la Mirembe, watu wanatibiwa wanarudi makwao.

Ukiingia kwa daktari usiseme "nina mawazo" tu, watakuandikia ni msongo wa mawazo mnaagana. Sema: "Kuna mawazo yanajirudia siyataki, yananifanya nifanye kitu hiki na hiki, inanichukua saa tatu kwa siku", na fungua daftari. Anaweza kukupima kwa dodoso la maswali 10 lenye alama 0 mpaka 40, lilichapishwa 1989 na madaktari wa Marekani, na alama hizo ndo zitakuonyesha baada ya miezi kama unapona, kwahiyo muombe akuandikie ni ngapi.

Dawa zinazotumika ni za kundi linaloongeza serotonini, kama fluoksetini na setralini, na ya zamani klomipramini. Mambo ya kujua: OCD mara nyingi inahitaji dozi kubwa kuliko ya sonona, na huwezi kuhukumu dawa kabla ya wiki 8 mpaka 12 za dozi nzuri. Watu wanaacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi, na hapo walikuwa wamepata tu kichefuchefu na usingizi kuvurugika, yale ya mwanzo ambayo mara nyingi yanapungua. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka, mwambie daktari, usiache kimya kimya. Kwa walio chini ya miaka 25 familia iwe karibu wiki za mwanzo, maana wachache wanaweza kupata mawazo ya kujiua yakizidi, wakiyaona warudi hospitali haraka. Ukipewa tramado kwa maumivu sema unatumia dawa hizi, zikikutana zinaweza kuleta madhara makubwa. Ukiwa mjamzito usiache dawa mwenyewe na usiendelee bila kuuliza, uliza.

Valiamu ya duka la dawa sio tiba ya OCD, inakutuliza saa chache na kesho unaitafuta tena. Pombe hivyohivyo, msimu wa ulanzi Iringa naona watu wanatuliza kichwa kwa vikombe, asubuhi woga unaamka umeongezeka. Kuhusu maombi, omba, na uombewe, mimi pia naomba. Ila anaekwambia utupe vidonge ndo uonyeshe imani, mpende, muage, na vidonge umeze. Mizizi ya mganga usichanganye na dawa hizi bila daktari kujua.

HATUA YA 7: Ikirudi

Inaweza kurudi kwa vipindi, msiba, mtihani, kuhama nyumba, mtoto kuzaliwa, kukosa usingizi. Inaweza kuja na sura mpya, ulikuwa wa kufuli sasa umekuwa wa kuogopa magonjwa. Dawa ni ileile, daftari, ngazi, kuanzia chini. Usijipige kwa siku moja uliyorudi mlangoni, rudi kwenye zoezi jioni hiyohiyo.

Kama unafikia kuwaza kufa, mwambie mtu mmoja leo, mke, rafiki, mchungaji, yeyote, akupeleke hospitali iliyo karibu na akae na wewe.

Ukipata nafuu kwa dawa, kawaida unaendelea nazo mwaka 1 mpaka 2 na zinapunguzwa taratibu na daktari, sio kukata siku moja. Weka alama kwenye simu wiki moja kabla vidonge havijaisha, hasa kama unatoka Chunya, Kyela au Ileje, kwasababu masika barabara za ndani zinaharibika na duka la dawa la kijijini mara nyingi halina. Ukiona mwezi wa 3 unakaribia, muombe daktari akuandikie ya miezi miwili, na mpe ndugu yako wa mjini nakala ya cheti aweze kukuchukulia.